Mpagazi

Jumatatu, 3 Juni 2024
Kitanda namba 2, kijana wa bodaboda, siku ya sita kwenye mashine ya kupumulia. Homa imepanda usiku, makohozi ya kijani yamejaa mpirani. Seftriaksoni anachomwa tangu apokelewe. Daktari kapeleka makohozi maabara yakaoteshwe, kisha kaongeza jentamisini. Majibu ni siku mbili tatu. Mungu ampe nguvu ya kuzisubiri.

Alhamisi, 6 Juni
Klebsiela. Seftriaksoni haimwezi mdudu huyu, anaikata kabla haijamgusa. Jentamisini nayo haimwezi. Imebaki meropenemu. Kaka yake anauza madebe mawili ya asali kuinunua. Hakuniuliza mgonjwa kaupata wapi ugonjwa huu. Picha ya kifua ya siku ya kwanza ilikuwa safi. Kaupata kwetu.

Jumatatu, 10 Juni
Bibi wa kitanda namba 3: Klebsiela, usugu uleule. Nimerudi nyumbani Cheyo, chakula hakipiti. Usiku wa Jumanne nilikuwa namfyonza kijana makohozi, mashine ya bibi ikalia, nikakimbia. Glovu nilibadili. Mikono sikunawa.

Mdudu hana miguu. Wazee wetu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa Unyamwezi hadi Bagamoyo, na kila mpagazi aliujua uzito wa mzigo wake. Mimi nimebeba bila kuhisi kitu. Tena Klebsiela humgawia jirani, hata bakteria wa jamii nyingine, kipande cha vinasaba chenye usugu. Mzigo hauishii kwa aliyeupokea.

Nimeusoma upya utafiti wa Muhimbili uliotoka 2007. Watoto walioingiwa damuni na bakteria wa kundi la Klebsiela, Gram-hasi, walifariki 43 katika kila 100. Wa malaria, 20. Nasi tumelelewa tukiogopa mbu.

Jumatano, 12 Juni
Kwenye ripoti ya asubuhi nimeeleza usiku ule, bila kuulizwa. Kimya kirefu. Kisha mwenzangu mmoja akasema, "Hata mimi." Kitakasa mikono kilikuwa chupa moja, mlangoni. Leo tumefunga chupa kila kitanda.

Ijumaa, 14 Juni
Homa ya kijana imeshuka. Bibi amefariki alfajiri. Mjukuu wake kaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili: "Asante Sista, mmehangaika naye." Sikuweza kuutoa.