Mpira Ambao Hatukupeana

Tulifungwa magoli manane bila, na waliotufunga walikuwa wanafunzi wa sekondari, baadhi yao watoto wetu wa kuwazaa. Tunaandika habari hii kwa sababu siku ile, kwenye uwanja mkavu wa Binza, tulifundishwa jambo tulilokuwa tukihubiriwa kila Jumapili bila kuliweka moyoni.

Timu yetu ni ya umoja wa wanaume wa kanisa. Ndani yake wamo walimu, mafundi, madereva wa bodaboda na wakulima wa pamba, na wengi tumeshavuka miaka 40. Tulikuwa tumezishinda timu mbili za makanisa jirani, tukanunua jezi mpya, tukaanza kutembea vifua mbele. Pamba ilipokwisha kuuzwa, tukaomba mechi na shule. Tuliiona kama mazoezi tu. Kabla ya kipenga tulishikana mikono, tukaomba ushindi, tukasema amina kwa sauti ili watoto wasikie.

Hadi mapumziko tulikuwa tumefungwa matano. Tulililaumu jua, tukamlaumu refa, tukamlaumu golikipa wetu. Tukiwa tumekaa chini ya mti tunahema, mvulana mmoja wa timu ile alituletea ndoo ya maji.

"Shikamooni, baba zetu," alisema.

"Marahaba, mwanetu."

Akasita kidogo, kisha akauliza, "Samahani, baba. Mbona yule baba wa winga ya kulia hamumpi mpira? Yuko peke yake tangu mwanzo."

Hakuna aliyemjibu. Yule wa winga ya kulia alikuwa mhazini wetu. Aliyecheza katikati, ambaye mipira yote ilipitia kwake, alikuwa mzee wa kanisa. Kwa miaka miwili walikuwa hawasemezani, tangu mchango wa mabati, hesabu zilipopishana na neno "mwizi" likatamkwa. Sisi wengine tulijua. Kila mmoja alichagua upande wake kimyakimya, tukaendelea kushiriki meza ya Bwana pamoja, na ukimya wetu tukauita amani. Mtoto asiyejua lolote aliuona ugomvi huo ndani ya dakika 45, kwa kuutazama mpira tu.

Tulikumbuka habari za Yoshua kule Ai. Baada ya Yeriko, Waisraeli waliuona mji ule kuwa mdogo, wakapeleka watu wapatao elfu tatu tu. Walikimbizwa, na watu kama 36 wakauawa. Yoshua akaanguka kifudifudi hadi jioni akimuuliza Mungu kwa nini. Akaambiwa ainuke, kwa maana shida ilikuwa ndani ya kambi yake mwenyewe. Nasi tulikuwa tumeanza kuuliza kwa nini maombi yetu hayakusikiwa. Jibu lilikuja na ndoo ya maji.

Kipindi cha pili tuliongezwa matatu. Lakini zikiwa zimebaki dakika chache, mzee alinyanyua kichwa, akamwona mhazini, akampasia. Mhazini alipiga, mpira ukapaa juu ya goli na kuangukia kwenye mabua ya pamba. Watazamaji walicheka sana. Sisi hatukucheka.

Jioni ile wengine walitaka jezi wapewe vijana na timu ivunjwe. Mwalimu mmoja mstaafu akatuuliza kama tunaijua kriketi. Tulicheka, kwa kuwa huku kwetu haichezwi. Akatuambia kwamba mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilikwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza la kriketi. Walikuwa watu wa ridhaa, si wa kulipwa. Walicheza mechi tatu, wakashindwa zote: New Zealand iliwazidi kwa mikimbio 181, Uingereza kwa 196, na India haikupoteza hata mpigaji mmoja. Hata hivyo mchezo haukuachwa. Mwaka 1996 Kenya iliishinda West Indies katika Kombe la Dunia, na mwaka 2003 ikafika nusu fainali. "Aibu si sababu ya kuacha," alisema. "Ni sababu ya kujitazama."

Timu haikuvunjwa. Wiki iliyofuata wawili wale waliketi na mchungaji, nasi tukaomba daftari la mabati lisomwe mbele yetu sote. Palikuwa na kosa la kuandika, risiti moja iliyoingizwa mara mbili. Fedha haikuibwa. Mzee aliomba radhi mbele ya watu wote. Kisha ikawa zamu yetu, kwa maana sisi tuliokaa kimya tungeweza kulisoma daftari lile tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyelifungua.

Bado tunafungwa mara kwa mara. Ila sasa, kabla ya kuomba ushindi, tunaulizana kwanza kama kuna mwenye neno juu ya mwenzake. Kuna siku kipenga kimetusubiri.