Mficha Uchi Hazai, Mwanangu

Mwanangu, siku zangu zinayoyoma, na lipo jambo ambalo akina baba wengi wa Bonde la Ufa hufa nalo kifuani kwa kuona haya. Sitaki kuzikwa nalo, maana wahenga walisema mficha uchi hazai.

Huenda ikafika siku, ukiwa na kazi yako Nakuru na mke nyumbani, ukaona nguvu za kiume zimekupungukia, hamu ya unyumba imekwisha na mtoto hapatikani. Najua utakavyohangaika, utamnung'unikia mkeo, utanunua mizizi kwa wachuuzi wa stejini. Lakini chini ya kikoromeo chako ipo tezi ya thairoidi, nayo hutawala mengi kuliko tunavyodhani. Ikilegea, ubongo huihimiza kwa nguvu, na katika kuihimiza huko homoni ya prolaktini, ile inayowapa akina mama maziwa, huweza kupanda hata kwa mwanamume na kuishusha testosteroni. Ikizidisha kazi, ini hutoa kwa wingi protini inayoishika testosteroni ndani ya damu, hata kipimo kikaonyesha tele ilhali iliyo huru kukufaa haikuongezeka, nayo estrojeni ikapanda mpaka matiti yako yakavimba. Kwa vyovyote vile, mbegu hudhoofika.

Sisi wa nyanda za juu tuliijua rovu, uvimbe wa tezi hii shingoni, tangu zamani, kwa kuwa mvua imeosha iodini kutoka udongo wa milimani. Tangu 1978 sheria imetaka chumvi yetu itiwe iodini, na hilo limetuokoa sana, ila haliwezi kuzuia kinga ya mwili kuigeukia tezi yenyewe, hata shingo isipovimba.

Basi nenda hospitali kuu ya kaunti, ile ambayo wengi bado tunaiita PGH, uombe kipimo cha TSH, homoni ile ambayo ubongo huihimizia tezi, umweleze daktari hata ya chumbani. Usikubali sindano ya testosteroni kwa pupa, kwani huzima utengenezaji wa mbegu. Ukipewa levothairoksini, dawa ya tezi iliyolegea, imeze alfajiri kwa maji, usubiri nusu saa au zaidi kabla ya chai ya maziwa. Kisha vumilia, mwanangu, kwa kuwa mbegu mpya huchukua miezi miwili na zaidi kukomaa, na subira huvuta heri.

Mkeo usimrudishe kwao kwa ugonjwa ulio shingoni mwako. Nendeni wote wawili, mkapimwe.