Mwalimu, Mwongozo na Jarida: Nani Atusomaye?

Sisi tuandikao tahakiki hupenda kuamini kwamba tunaiandikia taaluma nzima. Hata hivyo, taaluma ya fasihi ya Kiswahili nchini Kenya haikomei katika kumbi za vyuo vikuu. Tangu mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipolifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, wanataaluma wake wengi wamekuwa walimu wa shule. Swali linalonishughulisha ni hili: je, walimu hawa hutusoma?

Yafaa tutofautishe kujua kwamba jarida lipo na kulisoma. Wanafunzi wangu wa uzamili, ambao aghalabu ni walimu wa shule za upili, huyataja majarida bila taabu: Kiswahili, Mulika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1971, na Swahili Forum lililoanza mwaka 1994. Waliyajua kutokana na orodha za marejeleo walipokuwa wakisomea shahada ya kwanza. Lakini nikiwauliza ni makala gani yaliyowahi kubadilisha ufundishaji wao, hunyamaza. Wakisomacho ni mwongozo.

Wapo wanaoueleza ukimya huu kwa uvivu, na wapo wanaoueleza kwa uhaba wa nakala. Hoja ya kwanza siikubali. Ya pili imepungua nguvu, maadamu Swahili Forum husomwa mtandaoni bila malipo. Tuitazame riwaya ya Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, ambayo iliwahi kuteuliwa kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Mwongozo humpa mwalimu sifa za Maksuudi, dhamira na tamathali za usemi. Yaani yale yatakayoulizwa. Mwalimu mmoja, hata hivyo, alinieleza kwamba wasichana wa darasa lake walimwuliza jambo jingine kabisa: mbona Maimuna, baada ya madhila yote yale, hatima yake ni ndoa? Je, huko ni kukombolewa, au ni kurejeshwa katika mamlaka yale yale aliyoyakimbia?

Hilo ni swali la uhakiki hasa, na mwongozo haulijibu. Akilifungua jarida, mwalimu huyo yamkini atakutana kwanza na kurasa kadha za historia ya nadharia, kisha Maimuna aletwe mwishoni kama ushahidi wa kuithibitisha nadharia hiyo. Kwa hakika, mwongozo humwandikia mtahiniwa, nasi humwandikia mtahini wa tasnifu. Mwalimu hana wa kumwandikia.

Sisemi kwamba nadharia itupwe. Nasema ianze kazi pale msomaji anapokwama katika matini, si kabla ya hapo. Tusipofanya hivyo, vijana wataendelea kuhitimu wakidhani kwamba kuhakiki riwaya ni kuorodhesha sifa za wahusika, na baadhi yao ndio watakaokuja kuwa walimu.