Baiskeli Iliyoundwa Buyenzi

Kwa miaka mingi tumewafundisha wanafunzi wetu wa Bujumbura kwamba baiskeli ina fremu, usukani, tandiko, mnyororo na breki. Nao huyaandika maneno hayo daftarini kwa utii, kisha wakitoka nje ya lango la shule huzungumza habari za "kadri", "gido" na "fre", maneno ya Kifaransa yaliyokwisha kuvishwa kanzu ya Kiswahili. Na baiskeli yenyewe, kwa Kirundi cha nyumbani kwao, ni "ikinga". Jambo hilo hatukulitilia maanani sana mpaka siku tulipolazimika kuunda baiskeli sisi wenyewe, tukajikuta tumekuwa wanafunzi mbele ya fundi mmoja wa Buyenzi.

Tulikuwa wawili, mmoja mwalimu wa Kiswahili na wa pili mwalimu wa fizikia, na tuliyemkusudia alikuwa mwalimu mwenzetu wa tatu. Yeye alipatwa na polio utotoni, na mguu wake wa kulia ulibaki mwembamba usio na nguvu. Hukaa Kinama, na shule yetu iko upande wa Ngagara. Kwa mtu mzima si safari ya kutisha. Kwake ni safari ya kupumzika mara tano. Zamani alipanda basi. Lakini tangu mwaka 2021 uhaba wa mafuta umekuwa ukirudi mara kwa mara nchini Burundi, na kila uliporudi mabasi yalipungua barabarani na watu wakagombea milango. Mwenye miguu mizima aliweza kugombea. Mwenzetu aliachwa kituoni. Asubuhi moja tulimkuta chumba cha waalimu akiandika barua ya kuacha kazi. Tulimwomba aiweke kwanza.

Wazo la baiskeli ya umeme lilikuwa la mwalimu wa fizikia. Huenda wasomaji wetu wakadhani kuwa hicho ni kitu cha juzi tu. La hasha! Mmarekani aitwaye Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli ya namna hiyo mwezi wa Desemba 1895, na mota yake ilikaa ndani ya gurudumu la nyuma, mahali pale pale zinapokaa mota nyingi leo. Kilichokosekana siku zile kilikuwa betri nyepesi.

Baiskeli ya dukani haikumfaa mwenzetu. Ili kuipanda, sharti mtu arushe mguu juu ya bomba la juu la fremu, na mguu wake haurushwi. Tulihitaji fremu iliyopimwa kwa mwili wake, na kwa kazi kama hiyo mtu wa Bujumbura haulizi mara mbili: huenda Buyenzi. Huo ndio mtaa ambamo Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani tangu siku mji ulipoitwa Usumbura, na ambamo njia hutajwa kwa namba na nyingi kati yake zimejaa mafundi wa magari, wa redio na wa chuma.

Fundi wetu, mzee mwenye kofia ya kiua iliyokwisha rangi, alimtazama mwenzetu akitembea hatua kumi, akampima kwa uzi toka nyonga hadi kisigino, miguu yote miwili, wala hakuandika kitu. Tulipomweleza kuwa twataka bomba la juu liondolewe, alitikisa kichwa. "Mwalimu, kadri itakataa," akasema. Mwalimu wa Kiswahili alicheka kidogo, kwani katika vitabu vyake kadri ni kiasi cha jambo, si chuma. Mwalimu wa fizikia hakucheka. Alikwisha kufahamu kwamba mzee amesema jambo ambalo yeye hulifundisha kwa chaki: pembetatu ndiyo umbo lisilopindika, na fremu ya baiskeli husimama imara kwa sababu mabomba yake yamefungana karibu kama pembetatu. Ukiliondoa bomba la juu, shingo ya fremu hubaki ikishikiliwa na bomba moja tu la chini, na kila shimo la barabarani huipinda.

Pamoja na hayo tulishikilia tulilolitaka, kwa haraka na kwa kiburi cha wasomi. Mzee alikatakata baiskeli mbili kuukuu za Phoenix, akachomelea fremu ya bomba moja la chini. Baada ya siku nne za kuijaribu bila mota, ilipasuka nyuma ya shingo, kando tu ya mshono. Alituonyesha ufa bila neno la lawama. Bomba la baiskeli ni jembamba, na moto wa umeme wa kuchomelea huichoma chuma ya kando hata ikawa dhaifu. Mara ya pili aliweka mabomba mawili ya chini yaliyokwenda sambamba, akaunganisha shingo na mabomba hayo kwa kipande cha bati nene cha pembetatu, na viungo vyote akavilehemu kwa shaba ya manjano na moto wa gesi, ambao hauhitaji joto la kuyeyusha chuma chenyewe. Baiskeli nyingi za zamani ziliunganishwa hivyo hivyo. Fremu hiyo haijapasuka hadi leo.

Mgogoro mwingine ulihusu pedali. Sisi tuliona hazina kazi, maana mota ingefanya yote. Mwenzetu, ambaye kwa siku zote hizo alikuwa mtulivu, alikasirika. "Baiskeli isiyo na pedali ni kiti cha mgonjwa," alisema, "na mimi sikuomba kiti cha mgonjwa." Tukanyamaza. Fundi alichukua ukanda wa ngozi, akaufunga kwenye pedali ya kushoto ili mguu mzima uweze kusukuma na kuvuta pia, na ya kulia akaigeuza kuwa mahali pa kutulia unyayo. Kwa hakika mwenzetu alikuwa na haki mara mbili, kwani betri iliyokwisha njiani haimfikishi mtu nyumbani.

Mota ya wati 250 tuliinunua kwa mfanyabiashara aliyekuwa ameileta kutoka Dar es Salaam, imekwisha tumika. Ni mota ya ndani ya gurudumu, na ina jambo moja la ajabu kwa macho ya mgeni: mwili wake ndio unaozunguka, na ekseli yake yapasa kutulia. Lakini nguvu inayousukuma mwili kwenda mbele ndiyo hiyo hiyo inayoisukuma ekseli irudi nyuma. Hilo twalifundisha kidato cha pili kila mwaka, na bado tulilisahau. Tulifunga gurudumu hilo mbele kwa nati mbili tu. Katika jaribio la kwanza, mwalimu wa fizikia mwenyewe akiwa juu ya tandiko, ekseli ilizunguka, ikaupanua uma wa mbele na kuzikata nyaya zote zilizopita ndani yake. Aliangukia mkono na kukaa wiki mbili akiandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Wanafunzi walifurahi mno. Fundi akakata vipande viwili vya bamba la chuma, akatoboa kila kimoja tundu lenye umbo la ekseli, lililobapa pande mbili, akavifunga kwenye uma. Tangu siku hiyo ekseli haijasogea.

Kazi ya betri aliidai mwenzetu kuwa yake. Tuliomba kwa mafundi wa kompyuta betri za kompyuta za mkononi zilizotupwa, ambazo ndani yake mna seli ndogo za lithiamu. Mara nyingi betri nzima hufa kwa sababu ya seli moja au mbili, na nyingine bado zi hai. Alizifungua, akazijaza moja moja mpaka volti 4.2, akaziacha wiki tatu bila kuziguswa, kisha akazipima tena. Iliyoshuka aliitupa bila huruma. Vipimo vyake vyote aliviandika kwa namba ndogo ndogo nyuma ya ile barua yake ya kuacha kazi, kwa kuwa, alisema, karatasi ni ghali. Zilibaki seli 50. Mafungu 10 ya seli tano tano, yakifuatana, hutoa volti 36, na kwa jumla betri hiyo ina kiasi cha wati-saa 360. Barabara ikiwa tambarare, kila kilomita humla wati-saa 12 hivi. Kwenda shuleni na kurudi ni jambo dogo kwake.

Mtu mmoja aliyeiona alituuliza kama yaweza kupanda Bugarama. Wasomaji waliopita barabara hiyo wawajua wale vijana wanaoshuka kwa kasi na mikungu ya ndizi nyuma ya baiskeli, kisha hurudi juu wakiwa wamejishikiza kwenye malori, na wengine wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Tulikaa tukapiga hesabu. Kumpandisha mtu na baiskeli yake, jumla kilo 100, kwa mita zaidi ya 1,300 toka ziwani, kwahitaji wati-saa 350 hata kama hakuna kinachopotea. Na katika mota na barabara hupotea kingi. Betri yetu ingekufa kabla ya kufika. Tulimjibu kwamba haiwezi, naye akaondoka bila kuaga. Hesabu hiyo bado iko mezani kwetu, na mzee wa Buyenzi amekwisha kuuliza mara mbili uzito wa seli 150 ni kiasi gani.

Mwenzetu sasa hufika kabla ya kengele. Shida yake ni umeme, ambao hukatika jioni na kurudi wakati autakao. Usiku ukirudi, hata ikiwa ni saa nane, huamka akachomeka chaja, kisha huketi kando yake na madaftari ya kusahihisha mpaka taa ya kijani iwake, kwa kuwa betri ya namna hiyo haiachwi peke yake.