Dawa Iliyozoeleka: Kumbukumbu ya Upimaji wa Programu kutoka Bariadi

Neno "kupima" lilikuwa na kazi nyingi katika mji wa Bariadi kabla halijahusishwa na kompyuta: pamba ilipimwa kwa mizani kwenye ghala la chama cha msingi, mtoto alipimwa uzito kliniki, shamba lilipimwa kwa kamba, na mwenye homa alipimwa malaria. Katika matumizi hayo yote, anayepima hutaka kujua kiasi au hali ya kitu kilichopo mbele yake. Upimaji wa programu, yaani kazi ya kuiendesha programu kwa makusudi ili kasoro zake zijitokeze kabla hazijamfikia mtumiaji, uliligeuza neno hilo kidogo, kwa kuwa anayepima programu hutafuta mahali ambapo kitu kitashindwa, na maana hiyo ilipata nguvu duniani tangu kitabu cha Glenford Myers cha mwaka 1979, ambacho kilisisitiza kwamba jaribio jema ni lile linalofichua kosa. Kumbukumbu hizi zinafuatilia namna stadi hiyo ilivyopatikana kwa kozi za bure za mtandaoni katika mji ambao haukuwa na mwalimu wake hata mmoja, na namna mwandishi na wenzake wachache walivyobadili fikra zao juu ya kile walichokuwa wakijifunza, tangu enzi ambayo Bariadi ilikuwa makao ya wilaya ndani ya Mkoa wa Shinyanga hadi miaka iliyofuata Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012.

Mwanzoni masomo hayo yalifika yakiwa yamebebwa mfukoni. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010, lakini kati ya ufukwe wa Bahari ya Hindi na kibanda cha intaneti cha Bariadi kulikuwa na safari ndefu ya minara na nyaya, kiasi kwamba video ya dakika kumi ingeweza kumaliza mchana mzima ikipakuliwa, na umeme ukikatika katikati kazi ilianza upya. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na safari ya Mwanza, kwa kupitia Lamadi, alikabidhiwa flashi tupu pamoja na karatasi yenye orodha ya mafaili ya kupakua, naye akirudi jioni flashi hiyo ilizungushwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, mara nyingi ikiwa imebeba na virusi vyake. Jambo ambalo halikuonekana wakati huo, na ambalo lilikuja kueleweka baadaye sana, ni kwamba uzito wa faili ndio uliokuwa ukipanga mtaala. Muhtasari wa masomo wa ISTQB, bodi ya kimataifa ya sifa za wapimaji iliyoundwa mwaka 2002, ulikuwa maandishi matupu, ukapita kirahisi. Kozi ya BBST ya Profesa Cem Kaner na wenzake wa Taasisi ya Teknolojia ya Florida, iliyotolewa bure kwa njia ya video na slaidi, ilifika slaidi zake tu, na video zake zikabaki ng'ambo kwa miaka kadhaa. Wanafunzi wa awali wakawa wasomaji kwanza na watazamaji baadaye, na mwandishi anashikilia mpaka leo kwamba hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu anayesoma hulazimika kusimama pale asipoelewa, ilhali video humpita asiyeelewa bila kumwuliza.

Mwaka ule ule wa 2012 Simiyu ilipokuwa mkoa, Coursera na edX zilianza kutoa kozi za vyuo vikuu kwa yeyote mwenye mtandao, na neno "bure" likaanza kusikika kwa wingi, ingawa lilihitaji kufafanuliwa. Somo lilikuwa bure, bando halikuwa bure. Walioweza kukesha walinunua bando la usiku, lililokuwa nafuu kuliko la mchana, wakapakua masomo ya wiki nzima kati ya saa sita za usiku na alfajiri, kisha wakayasoma mchana bila mtandao. Cheti cha ISTQB nacho kilikuwa na bei yake, na mtihani wake. Mtihani wa msingi wa ISTQB una maswali 40, na anayepata 26 amefaulu. Muda wake ni dakika 60, lakini anayefanya mtihani kwa lugha isiyo yake huongezewa robo, zikawa dakika 75. Dakika hizo 15 za nyongeza zilikuwa karibu mahali pekee katika masomo yote hayo ambapo mwandaaji alikumbuka kwamba msomaji anaweza kuwa ametoka katika lugha nyingine.

Suala la lugha halikuwa dogo. Kiswahili kilikwisha kuingia katika programu za kompyuta tangu mwaka 2004, pale Jambo OpenOffice ilipotolewa kwa ushirikiano wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini istilahi za upimaji hazikuwa na mahali pa kuazimwa, hivyo kikundi kidogo cha wanafunzi kilijitengenezea zake. Somo la kwanza la muhtasari wa ISTQB hutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huitwa "tatizo": mtu hufanya kosa anapofikiri au anapoandika, kosa hilo huacha kasoro ndani ya programu, na kasoro hiyo, ikikutana na mazingira fulani, huzaa hitilafu ambayo mtumiaji huiona kwenye kioo. Mgawanyo huo wa kosa, kasoro na hitilafu ulikubalika upesi kuliko ilivyotarajiwa, pengine kwa kuwa mtu yeyote aliyewahi kuendesha trekta anajua kwamba bolti iliyolegea Jumatatu ndiyo inayoangusha jembe Ijumaa.

Sehemu ya muhtasari huo iliyowagusa zaidi, hata hivyo, ilihusu wadudu. Mwaka 1990, katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu mbinu za kupima programu, Boris Beizer alieleza kanuni aliyoiita kitendawili cha kiuatilifu, naye aliieleza kwa mfano wa mkulima wa pamba wa Marekani ambaye fukusi wa vitumba walikuwa wakimmalizia shamba. Mkulima huyo alipulizia DDT na karibu wadudu wote wakafa. Mwaka uliofuata alipulizia tena dawa ile ile, lakini waliobaki walikuwa wale ambao dawa haikuwaweza, nao wakawa wamezaana, ikambidi aongeze dawa nyingine juu ya ile ya kwanza. Ndivyo ilivyo kwa majaribio ya programu: yakirudiwa yale yale, hukamata kasoro za aina ile ile ambazo waandishi wa programu wamekwisha kujifunza kuziepuka, na kasoro zinazobaki ni zile zisizoguswa na majaribio hayo. Mwanafunzi wa Nairobi au wa Bangalore hulazimika kuikariri kanuni hiyo. Aliyekulia Simiyu, mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, hana cha kukariri, kwa kuwa ameona mzazi wake akipulizia dawa dhidi ya funza wa vitumba kisha akirudi siku ya tatu kuwakuta wakitembea, na amesikia ubishi wa kila msimu ghalani kuhusu kama dawa imepungua nguvu au mdudu ameizoea. Toleo la muhtasari la mwaka 2023 limeuondoa mfano wa kiuatilifu na kusema tu kwamba majaribio huchakaa. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yamepoteza pamba yake.

Kutokana na kanuni hiyo, kozi zenyewe zilianza kutazamwa kwa jicho la pili. Mazoezi ya kozi nyingi za bure hujaza fomu kwa jina la mtu aliyezaliwa nchi za Magharibi, lenye herufi za kawaida, sehemu mbili na anwani ya mtaa wenye namba. Mwanafunzi aliyefuata mazoezi hayo kwa uaminifu alikuwa akipulizia dawa ya shamba la mwingine. Katika Simiyu kuna majina ya watu kama Ng'wandu, na kata kama Ng'hoboko ya wilayani Meatu, na hata jina la Mwanza hutamkwa na Wasukuma wengi kuwa Ng'wanza. Yote hubeba ritifaa, ile alama ndogo inayotenganisha "ng'" ya ng'ombe na "ng" ya ngoma. Ritifaa hiyo, isiyo na madhara yoyote kwenye daftari la mwalimu, ni alama yenye kazi maalumu ndani ya SQL, lugha inayotumiwa kuzungumza na hifadhidata, kwa sababu huko hutumika kufungua na kufunga maandishi. Programu iliyoandikwa bila uangalifu ikipokea jina la Ng'wandu hudhani kwamba jina limeishia kwenye "Ng", kisha huyachukua maandishi yanayofuata kana kwamba ni amri, nayo hukwama. Na mlango huo huo ulioachwa wazi kwa bahati mbaya ndio mhalifu wa mtandao huutumia kuchomeka amri zake.

Mwandishi alikutana na hitilafu hiyo katika fomu moja ya usajili ambayo mwenye nayo hana haja ya kutajwa, na kilichomshangaza zaidi ni namna watu walivyokuwa wameizoea. Karani alikuwa akiiondoa ritifaa bila kuambiwa na mtu, akaandika "Ngwandu", na mwenye jina aliondoka akiwa ameandikwa vingine kuliko cheti chake cha kuzaliwa. Baadaye, simu za mkononi zilipoanza kutumika kujaza fomu, likazuka jambo jingine: baadhi ya vibao vya herufi huandika ritifaa iliyonyooka na vingine huandika iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti, hivyo mtu mmoja akaweza kuonekana kuwa wawili, au akatafutwa asipatikane ilhali amesajiliwa. Hakuna kozi kati ya zile ambazo kikundi hicho kilisoma iliyokuwa na zoezi la ritifaa iliyopinda.

Ugunduzi wa kasoro, hata hivyo, ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi kujifunza. Cem Kaner, ambaye mbali na kompyuta alisomea pia sheria, alifundisha kwamba ripoti ya kasoro ni hoja inayowasilishwa mbele ya mtu mwenye kazi nyingi na muda mchache, na kwamba kasoro isiyoelezwa vizuri hairekebishwi. Ripoti za mwanzo za kikundi zilikuwa malalamiko: "mfumo unasumbua", "haikubali". Ripoti iliyokamilika huonyesha hatua zilizofuatwa moja baada ya nyingine, kilichotarajiwa, kilichotokea, aina ya simu na hali ya mtandao, pamoja na athari kwa mtumiaji, ili mwandishi wa programu aliyeko Dar es Salaam aweze kuiona hitilafu ile ile kwa macho yake. Ustadi huo una ndugu yake wa zamani katika Kanda ya Ziwa. Malalamiko kuhusu mizani ya wanunuzi wa pamba yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma wakulima kuunda vyama vya ushirika, harakati iliyoongozwa na Paul Bomani na iliyozaa shirikisho la vyama hivyo, lililojulikana kwa kifupi VFCU, mwaka 1955. Na mkulima hakushinda kwa kusema kuwa mizani ni mbaya, alishinda pale mzigo ule ule ulipopimwa mara ya pili mbele ya mashahidi na tofauti ikaonekana. Hadi sasa mizani ya pamba hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na hakuna anayeona ukaguzi huo kuwa ni kumtukana mwenye mizani, jambo ambalo waandishi wa programu wangefaa kulifikiria.

Kuhusu majaribio ya kujiendesha, yaani programu zinazopima programu nyingine, hayahitaji maelezo marefu hapa. Selenium, iliyoanzishwa na Jason Huggins huko Chicago mwaka 2004, ilifundishwa bure kila mahali, na kuanzia mwaka 2019 kulikuwa na Test Automation University iliyoyakusanya masomo hayo bila malipo, lakini kompyuta zilizokuwapo zilikuwa na kumbukumbu ndogo, na kuifungua Selenium pamoja na kivinjari kulizifanya ziungurume kama mashine ya kusaga. Nguvu ya kikundi ilikuwa kwingine. Simu za bei nafuu zilizojaa picha, mtandao unaokwenda na kurudi, na menyu za nyota na reli ambazo hukatika mtu akichelewa kuingiza namba ya siri, vilikuwa vitu ambavyo maabara za mijini huviigiza kwa gharama, na Bariadi vilipatikana sokoni bila kuigizwa. Mtu aliyejua kuuliza "je, mtandao ukikatika baada ya fedha kutoka na kabla ya ujumbe kufika?" alikuwa tayari na kisa cha majaribio, yaani maelezo ya hatua na matokeo yanayotarajiwa, bila kufundishwa na video yoyote.

Kutokana na miaka hiyo limebaki faili moja la data za majaribio, linalohama kutoka mkono hadi mkono kama zamani flashi ilivyohama. Lina majina yanayoanza kwa "Ng'" kwa ritifaa za aina zote mbili, mtu mwenye jina moja tu, mtoto anayetimiza miaka mitano siku ile ile anapofikishwa zahanati, mtu aliyezaliwa tarehe 29 Februari, na mzigo wa pamba wenye uzito wa sifuri. Kila mwaka, kabla msimu wa ununuzi wa pamba haujafunguliwa, mistari ambayo haijakamata kitu kwa muda mrefu huondolewa na mingine huandikwa mahali pake. Mstari wa mwisho kuongezwa ni wa namba ya simu iliyoandikwa kwa nafasi katikati, jinsi watu wengi wanavyoitamka.