ADABU ZA MGENI KISIWANI



Kila Idi ikikaribia, hapa Mwanza naulizwa swali lile lile: "Sheikh, kwenda kutembea visiwani na kuogelea inafaa?" Inafaa. Kufurahi siku ya Idi ni katika dini yetu. Lakini ukivuka kwenda Ukerewe, Ukara au Saanane, wewe ni mgeni. Haki za mgeni tunazijua sote: akaribishwe, alishwe, alazwe. Wajibu wake ndio tunaousahau.

KWANZA: CHOMBO. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao ni zaidi ya 220. Isome tena hesabu hiyo. Kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imeshaukaribia mji wetu, tukapoteza mamia. Allah awape subira waliofiwa.

Basi ukiona mtumbwi umejaa, shuka. Mimi nimewahi kushuka, na mwenye mtumbwi akanicheka: "Sheikh mzima unaogopa kufa?" Nikamjibu kuwa Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Jaketi okozi ndiyo kamba ya ngamia wako. Livae, na mtoto mvalishe lake. Waulize wavuvi hali ya ziwa. Wakikwambia limechafuka, ahirisha. Nauli utaitafuta tena.

PILI: MAJI. Usiingie majini kabla ya kuuliza wenyeji wanaoga wapi. Wao ndio wanaojua mahali penye mamba na kiboko. Epuka maji yaliyotulia yenye majani, maana humo hukaa konokono wa kichocho. Na ujue kichocho kinavyozunguka: mayai hutoka kwenye choo cha mtu, huanguliwa majini, vijidudu huingia kwa konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga. Mtume (S.A.W.) alikataza kujisaidia kwenye maji watu wanakochota, njiani na kivulini. Unayejisaidia ufukweni kwa sababu "hakuna anayeniona", unamwachia maradhi mtoto wa mwenyeji wako. Tafuta choo. Na ukiwa umeoga ziwani, baada ya wiki kadhaa nenda zahanati ukapimwe, dawa ipo.

TATU: WATU. Ule mchanga unaouita ufukwe, kwa mwenyewe ni mahali pa kazi. Dagaa walioanikwa pale ni ada ya shule ya mtoto wa mtu, usiwakanyage. Wavuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa, mchana ndio usiku wao, kwa hiyo spika yako izime. Mama anayeanua dagaa si pambo la simu yako; msalimie, muombe ruhusa, akikataa shukuru uende. Tumeamrishwa tusiingie nyumba ya mtu bila kubisha na kusalimu, na ua wa mvuvi ni nyumba yake hata kama hauna mlango. Nunua kwake, usibane bei mpaka ya mwisho. Jisitiri, mwanamume na mwanamke.

NNE: SWALA. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, Mwanza hadi Nansio hapafikii masafa ya kupunguza swala. Swali kamili, tena kwa wakati. Beba mswala wako, usiuegemeze udhuru kwenye mawimbi.

Ndugu yangu, wengi wa wenyeji wa visiwa hivyo si Waislamu. Huenda kanzu yako na hijabu ya mkeo ndiyo darsa pekee watakayoipata mwaka huu kuhusu dini yako. Ukiondoka, je, watatamani urudi, au watahimdi kuwa umeshaondoka?

Ee Allah, tuvushe salama, uturudishe salama, utujaalie tuwe wageni wasioacha madhara. Aamiin.

Mtumie mwenzako anayepanga safari ya Idi.