Ile Ũ Fupi ya Kivaa

Nilipoanza kusomea usanifu wa michoro, nilikuwa na aibu ambayo sikumwambia mtu: nilipaonea haya kwetu. Kwetu ni Kivaa, huku Masinga, Kaunti ya Machakos, upande wa lile bwawa la Mto Tana lililokamilika mwaka 1981. Vibao vya sokoni ndivyo vilinikera zaidi. Vingi vimechorwa kwa brashi na mzee mmoja, na kila palipo na Ũ au Ĩ, herufi hiyo imechutama kama mtoto katikati ya watu wazima. Nilivipiga picha nikawaonyesha wenzangu darasani. Tulicheka sana.

Kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa bango la neno moja, kwa lugha ya nyumbani. Nikachagua MŨSYĨ, yaani nyumbani kwenyewe. Nilikuwa nimepakua fonti nyembamba ya kisasa, ya bure, naringa nayo. Ikaniandikia M, kisanduku kitupu, S, Y, kisanduku kingine. Kikamba kina irabu saba, na mbili za ziada, Ũ na Ĩ, zina namba zao katika Unicode, orodha ya herufi za kompyuta, tangu miaka ya 1990, lakini namba haichori herufi. Aliyeunda fonti asipozichora, hazipo. (Hata jina la Ngũgĩ wa Thiong'o huchapishwa mara nyingi bila alama zake, na watu hawashtuki.)

Nikafanya ujanja: nikaandika MUSYI. Mwalimu wangu, Mkamba mwenzangu, alilisoma kwa sauti vilevile lilivyoandikwa, akanyamaza kidogo.

"Hapo bado hujafika nyumbani," akasema.

Jaribio lililofuata nililijenga juu ya kyondo, yaani kikapu, cha mama. Nilihesabu nyuzi za mkonge, nikageuza kila msuko kuwa mraba, nikapanga herufi juu ya miraba hiyo. Ilipendeza mno. Hakuna aliyeweza kuisoma.

Basi nikaamua kuzichora Ũ na Ĩ mwenyewe kwa FontForge, programu ya bure ya kuundia fonti. Ũ moja peke yake haikunisumbua. Taabu ilianza nilipoweka MŨNDŨ chini ya MŨSYĨ: viwimbi vya juu ya Ũ vikachoma mstari wa juu yake. Nikiisukuma mistari iachane, bango linabaki na mapengo kama kinywa cha bibi. Nilihangaika na jambo hilo juma zima, na katikati ya hangaiko hilo nikazikumbuka zile herufi zilizochutama.

Likizo ya Aprili nilimkuta yule mzee wa vibao kwenye kinu cha posho, ameegemeza bati ukutani. Alipaka uzi chaki, akauvuta kutoka pembe hadi pembe, akaufyatua. Mstari wa juu. Akafyatua tena, mstari wa chini. Kisha brashi ikaingia bila kuchora kwanza kwa penseli, na ilipofika kwenye Ũ akaianzia chini, karibu robo ya kimo, akaacha nafasi juu.

"Mzee, mbona hiyo unaifupisha?"

"Bati ni lako, kijana?" Hakugeuka. "Mteja kaniletea moja tu. Hii kofia nikiitoa nje ya mstari, itabidi herufi zote zipungue ndiyo ipate mahali. Na mtu wa bodaboda anasoma akipita. Afadhali mmoja ainame."

Nilikaa naye siku nne, nikimshikia uzi. Nilifuta zile picha kwenye simu yangu, ingawa wenzangu bado wanazo, na mmoja bado huzituma kwa utani.

Fonti yangu ya kazi ya mwisho ina Ũ na Ĩ za aina mbili: ndefu za kitabuni, na fupi, zilizopimwa kutoka kwenye vibao vya Kivaa. Nilichapa karatasi kubwa nikampelekea mzee. Aliisogeza mbali, akaivuta karibu, akaisogeza mbali tena. Kidole chake chenye rangi ya mafuta kikatua juu ya Ũ.

"Kofia ni nyembamba. Vumbi la hapa litaimeza kabla ya mwaka kwisha."

Usiku ule niliwasha kompyuta nikaanza kuinenepesha.